Babu Aliyerukwa

S.L.P. 61,
Garissa.
Jumapili, 11 Oktoba 1998.

Mpendwa shangazi yangu, Eedo Weris,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii inakukuta mzima huko Moshi, wewe na mumeo na watoto, na kwamba ule mguu uliokuwa ukikusumbua umepata nafuu. Sisi afya tunayo, alhamdulillahi. Baba bado anakohoa lakini kwenye mnada wa mifugo haachi kwenda. Mbuzi waliosalimika na maradhi ya mvua za mwaka jana wamezaa.

Barua hii nimeiandika na kuichana mara tatu. Uliuliza kwa nini tarehe ya harusi ya Nasteho imepita na hujaitwa. Baba alisema nikujibu kwamba imeahirishwa. Siyo hivyo, Eedo. Harusi haipo tena, na aliyeianzisha safari ya kuivunja ni mimi. Afadhali ulisikie kwangu.

Nilikwambia habari za Ridwan, mwalimu aliyefungua chumba cha kompyuta karibu na soko. Alikuwa na kompyuta mbili na jenereta, na dada yangu Nasteho alikuwa msichana wa kwanza kujiandikisha kwake. Mimi unanijua, mgeni akinisalimia naangalia miguu yangu. Lakini na Ridwan niliweza kuzungumza. Aliniazima kamusi yake, akaniuliza kila wiki nimefika herufi gani. Nasteho naye, ambaye alizoea kutukemea sote, alianza kuimba akisugua sufuria.

Alipokuja kuposa alileta wazee wawili wa msikitini, akisema jamaa zake wote walikwisha vitani upande wa Kismayu. Wazee wetu wakamwomba ataje mababu zake. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na daftari langu, kwa sababu napenda kuandika majina ya zamani. Alitaja majina kumi bila kusita: Ridwan, Maow, Abdimalik, Mahat, akaendelea. Baba akafurahi, maana vijana wengi siku hizi hufika la tano wakaanza kukohoa.

Mwezi wa nane mama mmoja aitwaye Madino alianza kutuletea maziwa hapa mtaani Galbet. Alikuwa kambini Dadaab tangu vita, na jina lake na majina ya watoto wake yalitoka kwenye orodha ya kupelekwa ng'ambo. Siku alipokwenda kuulizia safari, aliambiwa amekwisha kuondoka. Kompyuta ilionyesha hivyo. Watu wengine walikuwa wamepanda ndege kwa jina lake. Basi na kadi yake ya chakula ikafutwa, kwa kuwa aliyeondoka hapewi unga.

Asubuhi moja nilimuuliza hali. Akanijibu huku akinipimia maziwa, "Mimi niko Amerika, binti yangu. Baridi ya huko imenichosha." Tukacheka. Kisha akanionyesha anavyojitambulisha kila anapokwenda ofisini: "Madino, Maow, Abdimalik, Dekow, Mahat..." Akaendelea mpaka la kumi na moja. Majina hayo nilikuwa nimeyasikia nyuma ya pazia. Nilimuuliza kama ana ndugu. Akasema alikuwa naye mmoja, Ridwan, aliyemzika kule mpakani Liboi mwaka walipovuka.

"Ofisini walituandika wote, hai na wafu," akasema. "Na babu Dekow wakamruka. Nilimwambia yule karani, umemwacha babu wangu. Akaniambia, mama, kwani huyo Dekow anasafiri?"

Madino alipokwenda zake nilifungua daftari. Abdimalik, kisha Mahat. Dekow hakuwamo. Mtu anaweza kusahau alikoweka viatu, Eedo, lakini babu wa jina la nne hasahauliki kwetu. Aliyeyataja majina yale mbele ya baba yangu hakufundishwa na mama yake. Aliyasoma kwenye faili.

Siku mbili nililificha daftari. Nilijiambia labda nilikosea kuandika. Ya tatu nikamwonyesha Nasteho, nikamweleza ya Madino. Aliutazama ukurasa, akaniambia, "Wewe na madaftari yako," akachukua buibui akatoka. Nikamfuata.

Ridwan alikuwa peke yake, anafuta vumbi mashine. Nasteho hakumsalimia.

"Babu yako Dekow ni wa ngapi?"

Akatabasamu. "Dekow yupi?"

Hapo akaniona mimi mlangoni na daftari kifuani, na lile tabasamu likakatika. Akakaa. Alisema alikuwa karani kambini, akabadilisha familia nne kwenye kompyuta, wenye uwezo wakasafiri kwa majina ya wasio nao. Uchunguzi ulipoanza, akajichagulia jina la maiti. "Lakini kwako sikudanganya chochote kingine," akamwambia Nasteho. Alikuwa analia, na nilimwamini, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Kisha akamnong'oneza jina lake la kweli. Mimi sikulisikia. Alasiri mlango wake ulikuwa na kufuli.

Baba aliripoti. Afisa aliyetumwa kutoka kambini alitueleza kwamba makarani wengi wamepita pale, lakini kompyuta huhifadhi jina la kila aliyebadilisha kitu. Wakilipata jina la huyu, watayaona yote aliyoyagusa na kuyarudisha. Nasteho akasema yeye anamjua Ridwan tu.

Siku tisa alishikilia hivyo. Madino alijua, maana Galbet hakuna siri, lakini hakumuuliza. Alikuja kila asubuhi, akapima maziwa, akaongeza kidogo juu ya kipimo kama kawaida yake, akaenda zake. Siku ya kumi Nasteho alimsubiri langoni akiwa amevaa. "Eedo Madino, twende Dadaab," akasema. Waliporudi, alipita ua mzima bila kumtazama mtu. "Nimelisema," akamwambia Baba, akaingia ndani.

Walimkamata Liboi kwenye kizuizi, siku tatu baadaye. Faili la Madino limefunguliwa upya na kadi ya chakula amerudishiwa. Safari bado. Nasteho haimbi tena. Na mimi tangu siku ile hakunisemesha, mpaka jana.

Jana aliniomba daftari. Nilidhani atalichana. Akakaa na ukurasa ule kwa muda mrefu, akipitisha kidole kwenye majina ya mtu aliyetaka kuzaa naye watoto, na hakuna hata moja lililokuwa lake. Halafu akachukua kalamu yangu, na kati ya Abdimalik na Mahat akaandika Dekow. Akaukata ukurasa taratibu kwa rula.

"Mpe Madino," akaniambia. "Ni wa kwao."

Eedo, nakuomba umwite Nasteho akae nawe hata miezi miwili. Baba atakubali ukimwandikia wewe. Hapa kila anapopita lazima aione ile kufuli.

Nisalimie mumeo, na binamu zangu Barwaqo na Abdimalik mdogo. Mama anakusalimu sana, na Baba pia, ingawa hajui nimekuandikia haya. Mwenyezi Mungu akulinde na akufungulie kila la heri, na atukutanishe kabla ya mvua kukata barabara.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, wako akupendaye siku zote,

Amino