Sabato Iliyopakwa Kijani

Doha, Jumapili

Mama mpendwa,

Dada Kerubo amenipigia simu asubuhi hii. Anasema jana Mzee Ombati aliinua simu yake mbele ya kanisa, watu wakaona kwenye ratiba niliyotuma Jumamosi imepakwa kijani, yaani siku ya lori la majani chai. Nawe ukasimama, ukasema: "Kijana wangu hawezi kuweka kazi siku ya Sabato. Kama ni yeye, nivueni ushemasi."

Mama, ni mimi.

Goti linaendeleaje na hiyo baridi ya Gesima? Mimi ni mzima wa mwili.

Ilikuwa hivi. Wakulima waliniomba niwatengenezee ukurasa wa siku mpya za lori: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Nilizipanga siku saba kuanzia Jumapili. Kisha nikatumia maktaba ya JavaScript, yaani msimbo wa kompyuta ambao wengine wameshauandika, ipake rangi siku moja na kuruka inayofuata. Niliiagiza ichague namba shufwa, nikiwaza ya pili, ya nne na ya sita. Kumbe yenyewe huanza kuhesabu kwa sifuri. Kwake Jumapili ni sifuri, na sifuri ni shufwa. Ikapaka Jumapili, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Niliona rangi zinapishana vizuri, nikautuma Ijumaa bila kusoma majina ya siku.

Kazini leo, maana hapa Jumapili ni siku ya kazi, nilimwonyesha Achieng, mwenzangu wa Homa Bay. Alicheka mpaka akashika meza.

"Wewe Mkisii! Hata Shetani hajawahi kuita lori Sabato!"

"Mama yangu ameweka ushemasi wake rehani kwa sababu ya hii."

Akaacha kucheka. "Mbele ya kanisa?"

"Mbele ya kanisa lote."

"Basi rekebisha sasa hivi, halafu umpigie mzee wa kanisa. Usimtume dada yako."

Nilibadilisha neno moja tu, shufwa ikawa witiri, na Jumamosi ikarudi nyeupe. Safari hii nilisoma kila siku kwa jina lake. Halafu nikampigia Mzee Ombati. Nilipofika kwenye sifuri alinikatiza.

"Kijana, mama yako hakuapa kwa sifuri. Alisema kama ni wewe. Ni wewe?"

"Ni mimi, mzee."

"Basi hayo mengine lieleze kanisa, siyo mimi."

Nisalimie shangazi wa Ikonge na baba mdogo, mwambie viatu alivyoniagiza nimevipata. Kerubo asichoke na mimi.

Mzee amekubali. Jumamosi hii, baada ya somo la Sabato, Kerubo atashika simu kwenye kipaza sauti. Nitaanza kwa kusema ni mimi, kisha nieleze ilivyotokea, na kanisa litaamua. Funguo za stoo ya kanisa, unazozitunza kama shemasi, usimkabidhi mtu kabla hawajanisikia.

Mwanao,
Nyakundi