Barua ya Kanisa

Jumanne, 14 Mei. Manyunyu tangu asubuhi, ziwa halionekani.

Agata, wamekataa kuongeza kibali changu cha masomo. Wamekataa.

Unakumbuka nilipohama shule ya Nyanza-Lac nikaja hii ya jioni, hapa Rumonge? Mchungaji aliniandikia barua, akaisoma mbele ya waumini, akagonga muhuri. Kwetu Baraka, Kongo, ng'ambo ya ziwa, mtu akihama barua ya kanisa inamtosha. Nikadhani na huku Burundi inatosha.

Afisa wa uhamiaji aliigeuza mara mbili. "Mama, umekuja kubatizwa?" Foleni nzima ikacheka.

Kisha akasema polepole, "Kibali hiki ni cha Nyanza-Lac. Hapa Rumonge huna shule."

Huna shule. Miezi minane nakaa dawati la mbele, Agata. Huna shule.

Lazima nirudi Kongo nikaombe upya. Na mtihani nilioufungia saumu na kuuombea ni Jumatatu.

Mwalimu Dusabe, aliyenisindikiza, alikuwa analia. Nikawageukia yeye na wale waliocheka, nikasema kwa sauti: "Mungu anisikie, na ninyi mnisikie. Dawati lile nitarudi kulikalia, hata kama nitakuja na mkongojo."