Lugha ya Msituni

4 Machi, mwaka wa thelathini na moja ugenini

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi. Goti langu bado lina kiburi chake, mengineyo salama. Kifua chako je? Rangi ya chumba unachonitayarishia chagua wewe. Mwezi wa tisa nitakuwa hapo, nimerudi moja kwa moja.

Lakini sikia yaliyonipata! Jirani yangu, mwalimu wa chekechea, aliniomba nikawaonyeshe watoto wake msumeno, maana anajua nilikuwa seremala. Nikavaa viatu vya heshima. Kumbe chekechea yenyewe haina darasa! Wanashinda msituni, kuwe na jua, kuwe na mvua. Wanakaa kwenye magogo, wanahesabu kwa mbegu za miti, herufi wanazichora kwenye matope. Nimerudi viatu vimelowa chapachapa, nacheka barabarani kama mwehu. Kesho naenda tena.

Kaka yako

20 Machi

Kaka,

Shikamoo. Kifua kimetulia, na nyumbani wote wazima.

Chekechea bila paa? Wamekosa mabati? Nimewasomea wajukuu wangu barua yako, mkubwa akauliza, "Bibi, babu huyo naye analala mtini?" Nikamwambia ndiyo, na mkia anao.

Chumba nimekipaka buluu. Kitanda fundi amekirefusha. Miguu yako naikumbuka. Angalia usije ukaniteleza huko kwenye matope ya watu.

Mdogo wako

2 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. U hali gani? Nisamehe kimya, nilikuwa kazini. Ndiyo, kazini, kwa umri huu! Niko na wale watoto wa msituni kila asubuhi.

Kule mtoto anaruhusiwa kwenda popote, mradi aisikie sauti ya mkubwa na aijibu. Zamu yangu ya kwanza kuita, kwa papara, lugha yao ikanitoroka. Nikaita kama tulivyoitana sisi tukicheza kujificha: "Upooo?" Watoto wakacheka, wakataka kujua jibu lake. Sasa msitu mzima unaitika, "Nipooo!" Hawalitamki neno hilo mahali pengine. Wanaamini ndiyo lugha ya miti.

Jumanne ukungu ulishuka ghafla. Tukawakusanya wote isipokuwa binti mmoja mbishi tunayemwita Kisiki, maana akikaa hang'oki. Mwalimu akamwita kwa jina lake. Kimya. Akaita tena. Kimya. Nikaita mimi: "Upo?"

Chini ya mti ulioanguka, hatua chache tu kutoka tuliposimama, ikatoka sauti yenye hasira: "Nipo!"

Alikuwa anamlinda konokono. Mwalimu akamuuliza mbona hakuitika. Akasema, "Msituni hatuitani hivyo." Na hakutoka mpaka nilipoinama nikamsabahi konokono. Goti liliniuma, wala sikulijali!

Kaka yako

25 Juni

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima. Huyo Kisiki nimempenda. Hatimaye umepata wa kukuzidi ubishi.

Ila barua yako nimeirudia nikiutafuta mwezi wa tisa, sikuuona. Konokono nimemwona. Wajukuu wanarukaruka kitandani kwako, nawafukuza. Usinizungushe kama mtoto. Unakuja?

Mdogo wako

9 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Naomba kifua kiwe bado kimetulia. Nimechelewa kwa sababu nilitafuta namna ya kusema isiyouma, nikaikosa.

Miaka yote hii, lugha ya mama yetu niliizungumza na karatasi tu, na aliyenijibu ni wewe peke yako. Hata muuza mkate aliniita mgeni. Sasa kila asubuhi naita, na vichaka vinanijibu! Wiki ijayo Kisiki anashika zamu ya kuita, nami nitajificha na wenzake. Nimeshachagua mti wangu. Sijalala vizuri kwa furaha.

Kitanda wape wajukuu, waruke wanavyotaka. Jioni watoe nje, wajifiche nyuma ya nyumba tulikojificha sisi, nawe uwaite. Wakiitika, nihesabu na mimi.

Nipo, mdogo wangu. Sitarudi.

Kaka yako