Aliyepika Aonje Kwanza

Shangazi Kabula, shikamoo kutoka Mwanza, ambako nimechanganyikiwa kabla ya kulewa.

Hapa Igogo dada mmoja anatengeneza bia ya mtama kwenye kiwanda kidogo kama jiko lako. Alinimiminia glasi, akasimama kunitazama. Nami, kama ulivyotufundisha, nikasubiri mwenye pombe aonje kwanza, nijue haina sumu. Tulitazamana mpaka povu likaisha.

“Mbaya kiasi hicho, kaka? Basi pipa lote namwaga!” Tayari ameshika koki.

“Hujaonja, dada!”

“Nionje ya mgeni?”

Nikamweleza. Akacheka, akapiga funda, akanipa. Pipa limepona. Lakini bia ina uchachu, shangazi, naye anasema amekusudia! Sasa sijui miaka yote sisi tulikuwa tunamwaga nini kila pombe ilipochacha.

Ubaki na afya, nakuwaza.

Mwanao, Masanja