Gari Limepona, Sasa Ni la Ndugu Yao

Alhamisi, Butembo. Baridi ya jioni imeniingia mpaka kwenye mifupa, na ukungu umekaa juu ya mtaa wetu wa Mususa kama mgeni asiyejua kuaga. Nimevaa majaketi mawili na bado natetemeka. Nusu ni baridi, nusu ni hasira.

Naandika hapa kwa sababu ndugu za marehemu mume wangu hawasomi blogu. Na kama wanasoma, basi wasome.

Kakule alipofariki aliacha vitu vya mtu wa kawaida: shamba la kakao kule Kamango, jenereta, pikipiki, viti vya sebuleni, na Peugeot 404 ya bluu, ile ndefu ya familia, yenye umri mkubwa kuliko mimi. Siku ya kuondoa matanga, kaka yake mkubwa, shemeji Kambale, alisimama mbele ya ukoo akagawa. Shamba ni la ukoo. Jenereta kwa huyu, pikipiki kwa yule. Viti vilibebwa palepale, mimi nikiwa bado na kitambaa cha msiba kichwani. Ilipofika zamu ya gari, watu walicheka. Lilikuwa limelala nyuma ya nyumba, matairi hayana upepo, kuku wanatagia ndani.

"Mama Masika, ile chuma utabakia nayo," shemeji alisema.

Mchungaji wetu alikuwepo, alisikia. Alicheka pia, kidogo, kwa adabu. Mimi nikasema aksanti. Kweli nilisema aksanti, na mpaka leo neno hilo linaniuma.

Kazi yangu ni kupika kwenye harusi. Sufuria zangu na sahani zangu huwa zinakwenda kwa pikipiki, na kwa makorongo ya mji huu kila sherehe inanivunjia kitu. 404 ingebeba vyote kwa safari moja. Ndicho nilichotaka. Kanisani wanadhani nililitengeneza gari kwa kumkumbuka Kakule, na nimewaacha wadhani hivyo. Ukweli ni kwamba nilitaka kufika kwenye harusi sahani zikiwa nzima.

Fundi Saidi, mwenye gereji pale chini ya kwangu, alibadilisha betri, matairi na mipira ya esansi, yaani petroli. Gari likawaka. Likakohoa, likazima. Kila nikiondoa mguu kwenye mafuta, linazima. Alifungua kabureta akanionyesha: kile kijiti cha chuma kinachozungusha kifuniko cha hewa kilikuwa kimekula tundu lake kwa miaka, kikawa kinacheza ndani kama jino la mtoto. Hewa inaingia mahali pasipokuwa njia yake.

"Joints naweza badirisha, mama," Saidi aliniambia, akigusa vile vipira vya kuzibia. "Lakini mwili yenyewe imeisha. Hapa hapana dawa."

Tukatafuta nyingine. Butembo hii, ambako wafanyabiashara wanaleta makontena kutoka nusu ya dunia, hakuna aliyekuwa na kabureta ya 404. Za pikipiki zimejaa kila kona. Mpaka tukasikia kwamba Beni kuna familia ya Waislamu, wasafirishaji wa zamani, iliyokuwa na gari kama langu. Nilishuka Beni mwenyewe, roho mkononi kama kila anayepita barabara ile yenye waasi siku hizi. Mama wa nyumba alinipa chai kwanza, akaniuliza habari za mume, akanipa pole. Kisha akaleta kabureta iliyofungwa kwenye gazeti, safi, imepakwa mafuta, akaniuzia kwa bei ya huruma. Mtu nisiyemjua kabisa. Nililia kwake kuliko nilivyolia kwa wakwe zangu.

Ilikubali kufungwa, lakini ikatoa moshi mweusi. Saidi akaniambia Beni iko chini, hewa yake ni nzito. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo esansi inazidi. Akachukua gicleur ya kabureta ya zamani, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu linalopima esansi, akakiweka kwenye hii ya Beni. Gari likanguruma, likatulia. Niliondoa mguu, nikangoja. Halikuzima.

Hapo ningenyamaza.

Badala yake, Jumapili iliyopita niliosha gari, nikavaa kitenge kipya, nikaenda nalo kanisani. Ningeweza kuegesha nyuma. Niliegesha mbele ya mlango, pale ambapo kila mtu lazima apite. Nilitaka wanione, wale waliocheka.

Wakaniona.

Jana mchana shemeji Kambale alikuja na wapwa zake wawili. Alizunguka gari polepole, akapiga boneti kwa kiganja, akatabasamu.

"Gari ya ndugu yetu imepona," alisema. "Mungu ni mwema."

Nilimkumbusha maneno yake ya siku ya matanga. Hakuyakana, na hilo ndilo linalonichoma zaidi.

"Ile siku ilikuwa chuma," alinijibu. "Sasa ni gari. Gari ya mwanaume inabakiaka kwa banaume ya jamaa. Weye ulikuwa unaichunga tu. Siku ya posho tutakuya kuikamata."

Posho ni Jumamosi. Yaani keshokutwa.

Binti yangu Masika ananiambia kwenye simu kwamba sheria iko upande wa mjane. Najua. Lakini sheria haiishi Mususa, na mimi naishi hapa, katikati ya watu hawa, na karatasi za gari zina jina la Kakule. Leo asubuhi nilikwenda kwa mchungaji, nikamwomba aseme tu alichokisikia kwa masikio yake. Aliangalia viatu vyake.

"Mama, tusigombanishe jamaa juu ya gari. Tuombe tu."

Akaomba. Aliomba vizuri sana, kwa muda mrefu, na ndani ya maombi yake yote hakuna mahali alipotaja kilichosemwa siku ile.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja kwa Saidi. Nilimwambia ninachotaka. Alikunja uso.

"Miye sijafanyaka kazi ya kuharibisha gari, mama."

"Hapana kuharibisha," nilimjibu. "Ni kurudisha."

Alinipa spana zake, akasema hataki kuona. Sikumlaumu. Nilirudi nyumbani, nikafungua boneti, nikafanya mwenyewe kama nilivyomwona akifanya. Nimeng'oa kabureta ya Beni, ambayo niliinunua mimi, kwa jasho la sufuria zangu. Nimefunga ya zamani, ile iliyolika. Na kile kipande cha shaba nimekirudisha mahali pake ndani ya ile ya zamani, kwa sababu ni cha ndugu yao. Sitaki mtu aseme mjane amekula kitu cha marehemu.

Kisha nikaliwasha. Likawaka, likakohoa, likazima.

Nilicheka peke yangu pale uani, mikono imejaa mafuta. Halafu kicheko kikanigeuka. Nilikaa kwenye kiti cha dereva nikalia, na sikumlilia Kakule. Nilimkasirikia, yeye aliyependa kusema tutaandika na jina lako kwenye hizo karatasi kesho. Nililia kwa sababu lile gari, kwa siku chache tu, lilinifanya nijione mtu anayeweza kwenda mahali bila kuomba ruhusa. Na nimeliua kwa mikono yangu.

Najua si ushindi. Jumapili kuna harusi, na sahani zangu zitapanda tena pikipiki. Shemeji naye atakuwa na gari ambalo hawezi kulitumia, na mimi nitakuwa na kabureta ambayo haina gari. Nimeifunga kwenye lile gazeti la Beni, nikaiweka kabatini chini ya vitenge. Kama ipo siku nitapata chuma changu mwenyewe, chenye karatasi za jina langu, itakuwa inanisubiri. Kama haipo, basi.

Je, ningefanya vingine? Nimejiuliza mchana wote.

Ila Jumamosi sitakimbia. Nitavaa vizuri, nitawapa chai, nitawakabidhi ufunguo mbele ya majirani, kwa heshima zote. Waje kulichukua gari la ndugu yao.

Ila waje na kamba.