Ndagala, Ndimu na Meno Yangu

Uvira, Jumapili

Leo nimekunywa maji ya baridi na jino halikuuma! Nikaongeza kikombe cha pili, makusudi.

Vita vilipofunga barabara ya Kamanyola, dawa ya meno iliisha sokoni. Ndagala, dagaa wetu wa ziwani, tuliendelea kuzikamulia ndimu kila siku, na kila nikimaliza kula nilisugua meno papo hapo kwa mkaa, kwa nguvu zote. Nilijiona msafi! Kumbe jino likaanza kuuma, kwa maji ya baridi na hata kwa upepo.

Shemeji Furaha, anfirmie, yaani muuguzi, ndiye aliyeniletea tyubu ya dawa ya meno akanigombeza: "Weye unajikwangua mwenyewe! Asidi ya ndimu inalainisha gamba la jino. Acha kwanza mate ifanye kazi, kisha sugua polepole. Fluori ya hii dawa iko inakaza lile gamba. Ukimaliza tema tu, usisukutue."

Kutosukutua kuliniudhi sana. Povu mdomoni kama mgonjwa! Lakini nilifuata.

Jioni risasi zimelia tena milimani. Naogopa, sifichi. Hata hivyo mezani mume wangu alinitania, nikacheka kinywa wazi, bila kujifunika kitenge kuzuia upepo usiguse jino.

Akaacha kula, akanitazama. "Kumbe weye iko na meno! Minye nilikuwa nishasahau."