Ng'ombe wa Kaleli

Karamoja, Uganda
8 Machi 1957

Kwa Baba mpendwa, Mzee Wambua,

Salamu nyingi kama maua ya kahawa hapo Ruiru. Mimi mzima, miguu tu ndiyo imepasuka. Mama je, kifua chake?

Baba, unajua mimi si mtu wa kushindwa. Lori la tajiri wangu Kantilal nililitoa Thika mpaka Garissa mvua ikimwagika, madereva wengine wamelala njiani. Sasa kanisa la Thika limenituma kuhubiri nchi ya watu, mimi wa darasa la nne, na nimeshindwa na ng'ombe.

Jumapili tatu nimehubiri. Kila nikianza, wazee wanainuka wanaenda zao. Nikamwuliza mwenyeji wangu, mzee Lokiru, kosa ni nini. Akasema, "Ng'ombe wako yuko wapi?" Huku kila mwanamume ana dume lake moja analoliimbia, naye huitwa kwa jina la dume hilo. Asiye nalo ni mtoto, na mtoto haiti wazee. Nikamjibu mimi nilikuwa na lori, linabeba mkonge usiobebwa na ng'ombe mia. Akauliza, "Ukiliita, lilikuwa linakuja?" Walicheka mpaka na mimi nikacheka.

Lokiru amenipa dume la rangi ya vumbi, linaitwa Longor. Nikilikubali nitaitwa Apalongor, yaani baba wa Longor. Wewe ni mzee wa kanisa. Naomba ruhusa.

Mwanao,
Kaleli

Ruiru
2 Aprili 1957

Mwanangu Kaleli,

Barua imefika. Sisi hatujambo, kifua cha Mama kimetulia.

Jibu langu ni hapana. Ulibatizwa Yohana, hata maji hayajakauka, sasa unataka kubatizwa na ng'ombe? Nimewauliza wazee wenzangu wa Thika. Wanasema ukichukua jina hilo utarudishwa nyumbani. Mama yako amewaambia wauza maharagwe wote wa soko la Thika kwamba mwanawe ni mmisionari ng'ambo. Kantilal naye huwaonyesha wateja kiti ulichokalia. Usituvue nguo.

Baba yako,
Wambua

Karamoja
23 Juni 1957

Baba,

Natumaini mko salama. Nimekawia kuandika kwa sababu ya woga, neno ambalo hujawahi kulisoma katika barua yangu.

Wiki sita nilikutii, nikahubiria mawe na mbwa wa Lokiru. Kisha nikalichukua dume. Nililifunga kengele shingoni, nikaliimbia mbele ya watu, kwa Kikamba, maana lugha yao bado inaniuma ulimi. Niliimba pembe zake, nikamwimba na aliyeliumba. Lokiru akasema, "Apalongor, haya, sema." Wazee kumi na mmoja wakakaa mpaka amina. Mmoja akauliza kama Yesu alichunga kwelikweli au ni maneno ya kanisani. Aliyebatizwa hakuna. Hapa sitii chumvi.

Nimevunja neno lako. Sanduku nimelifunga. Mkiniita nitarudi, wala sitabishana.

Mwanao,
Kaleli

Thika
6 Agosti 1957

Mwanangu,

Salamu kutoka kwa Mama. Tumetoka kikaoni leo asubuhi. Niliwasomea wazee barua yako yote, hata pale pa mbwa wa Lokiru. Mzee Muthoka akasema urudi mara moja.

Nikasimama, nikawauliza, "Mimi naitwa nani?" Wakasema Wambua. Nikawaambia, "Hapana, cheti changu cha ubatizo kinasema Filipo." Yule mzungu aliyenibatiza aliniita Filipo siku hiyo moja tu. Kesho yake, akitaka watu waje kusoma, alisimama njiani akapaza sauti, "Wambua, ita wenzako," kwa kuwa Filipo hakuna aliyemjua kijijini. Na Wambua ni mtu wa mvua tu, nilizaliwa ikinyesha. Nikawauliza, "Je, wokovu wangu umelowa?"

Muthoka ndiye aliyecheka kwanza.

Utabaki huko, imeandikwa kitabuni. Fungua sanduku. Niliogopa midomo ya watu, mwanangu, nikasema ni Mungu. Leo nimetembea Thika yote na koti langu la Jumapili, na leo si Jumapili hata kidogo, tena jua ni kali.

Mama anauliza jina lako jipya linatamkwaje, maana sokoni wanamsumbua.

Ni mimi,
Wambua, babu wa Longor